Mkalimani wa Katuni

Mimi ni msusi, na kama kuna kitu kinachonipandisha hasira ni mtu mzima kuniambia kwamba katuni ni za watoto. Na huwa ananiambia akiwa kwenye kiti changu, nusu ya kichwa imeshasukwa na nusu iko timutimu, bado ana ujasiri wa kunidharaulia vitu ninavyovipenda. Namwacha amalize. Kisha mstari unaofuata naukaza kidogo.

Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kuna viti viwili, benchi la kusubiria, na kioo kikubwa chenye ufa pembeni ambacho mume wangu, fundi wa friji, ameahidi kukibadilisha tangu tuoane. Juu ya kioo kuna televisheni. Kwenye televisheni hiyo hutaona taarifa ya habari, hutaona mpira, wala tamthilia za watu wanaochapana vibao kwa sababu ya mirathi. Ni katuni tu. Nina filamu ndefu za familia, na zaidi nina mifululizo ya Kijapani, hizi zinazoitwa anime, ambazo mteja mmoja alinijazia kwenye flashi zamani na tangu hapo sijapona.

Kilichoninasa kwanza ni nywele, na msusi yeyote mwenye akili zake atanielewa. Kule kuna nywele za buluu, nywele za waridi, nywele zilizochongoka kama miiba. Zinanyeshewa mvua, zinaangukiwa na ghorofa, zinazama baharini, na mwenyewe akiibuka zimesimama vilevile. Nimewahi kusimamisha picha nikamwuliza mteja, “Hivi huyu anapaka nini?” Lakini wachoraji wa kule si wajinga. Msichana akikata nywele zake, ujue kuna mtu atakiona cha moto. Aliyezoea kuzibana akiziachia, ujue atalia. Mimi nasoma nywele kabla sijasoma uso, na mara nyingi napatia.

Vituko vyao navipenda kwa kuvicheka. Mtu anataka kupiga ngumi, anasimama kwanza kueleza ngumi hiyo inaitwaje, alifundishwa na nani na itaumiza wapi, na adui yake, kwa adabu zote, anamsubiri amalize. Chakula cha kule kinang'aa kiasi kwamba hata ukiwa umeshiba unameza mate. Zile filamu za familia nazo zinakuulia mama wa mnyama mdogo kabla hujakaa vizuri, halafu zinakuimbia. Hizo sizipendi hata kidogo, na nimeziangalia zote.

Ila kinachonishika roho hasa ni kimya. Kwenye katuni nzuri kuna mahali hadithi inasimama. Birika linatoa mvuke. Nzi anatembea kwenye kioo cha dirisha. Upepo unapita kwenye majani, unapita kwenye nywele za mtu aliyekaa peke yake, na hakuna anayesema neno. Nikifikiria kwamba kuna mtu alikaa mezani akauchora upepo huo picha moja baada ya nyingine, ili mimi huku nivute pumzi, nawapenda binadamu wote, hata wale wa mirathi.

Sasa tatizo. Anime zinasemwa Kijapani, na chini yanapita maandishi ya Kiingereza. Mimi Kiingereza nakisoma kwa kukokota, na hata ningekisoma mbio, macho yangu yako kichwani kwa mteja. Ukiinua macho katikati ya mstari, mstari unapinda, na mteja hatailaumu katuni. Kwa hiyo niliweka utaratibu: anayesukwa ndiye anayesoma. Yeye ameelekea televisheni na hana kazi nyingine. Ananitafsiria, mimi nasuka, na picha naziiba kwa jicho moja pale ninapochukua uzi mwingine. Kila mteja anaendelea pale alipoishia yeye alipokuja mara ya mwisho, ndiyo maana mfululizo mmoja nimeusikia kwa midomo mingi. Na anayejua mbele haruhusiwi kumwambia asiyejua. Sheria nyingine ya saluni yangu ni kuja na nywele zilizooshwa.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkalimani wa mahakama: shahidi akiongea lugha ambayo hakimu haijui, yeye ndiye aliyesimama katikati. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayevaa saa ya mkononi hata akiwa nyumbani, na ana maneno yake mawili anayoyarudia kama dua: “Siongezi, sipunguzi.” Ukimwomba chumvi atakupa chumvi. Tabasamu halimo.

Siku mume wangu aliponipeleka kunitambulisha, mama yake alinitazama juu mpaka chini, akasikia kazi yangu, akasikia na habari za katuni, kisha akamwambia mwanawe nikiwa nimekaa palepale, “Mikono anayo. Kichwa sijui.” Maneno hayo yaliingia na hayakutoka. Kila nilipompelekea chai, niliyasikia kwenye kikombe. Hakunitolea neno baya tena baada ya hapo, sitaki kumsingizia. Lakini “mwanangu” hakuniita. Akinihitaji alisema “wewe,” au alikohoa.

Alikuwa na tabia ya kuja kukaa kwenye benchi la saluni na fumbo la maneno la gazeti, mgongo umenyooka, akijifanya hasikii. Siku moja kitini alikuwepo msichana wa chuo, ananisomea mfululizo ninaoupenda kuliko yote, ule wa kiwanda cha kengele mlimani. Kuna binti anayepelekwa kujifunza kutengeneza kengele kwa bibi mmoja mkali, na bibi huyo hamtaki. Majina yao ya Kijapani yalitushinda, kwa hiyo saluni nzima tunamwita binti Kengele, na bibi tunamwita Bibi Nyundo. Basi Bibi Nyundo akaongea, akaongea, mate yakamkauka. Msichana wa chuo akatafsiri, “Yaani, anamchamba tu.”

“Shahidi hakusema hivyo,” ikatoka sauti kwenye benchi.

Tukageuka. Mama alikuwa amevua miwani ya gazeti na kuvaa ile ya kuonea mbali.

“Amesema: mimi sikukuita hapa. Barua ya baba yako ndiyo iliyokuita. Lakini maadamu umevuka daraja langu, utakula chakula changu, na utaamka kabla ya jogoo wangu. Rudisha nyuma, mwone.”

Msichana wa chuo alicheka mpaka rasta zikanitoka mkononi. “Bibi, njoo usome wewe,” akasema. “Mimi niache nisukwe.”

Hivyo ndivyo mama mkwe wangu alivyopata kazi baada ya kustaafu. Alisoma kimahakama. Mkalimani wa mahakama hasemi “anasema”, yeye anageuka kuwa msemaji, anasema “mimi”. Zimwi lenye pembe likipiga kelele kwamba litameza mji mzima, Mama alisoma, “Ninyi wadudu, leo nitawameza wote,” kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mashtaka, na wateja wakashika mbavu. Wengine walianza kuulizia kabla ya kuja kama mkalimani yupo. Mwenyewe hakukubali kwamba anafurahi. “Nafanya mazoezi ya lugha,” alisema. Lakini alikuwa na maoni yake. Mhusika akiapa sana alimnyooshea kidole: “Huyu mwongo. Mkweli haapi mara tatu.” Na kengele ya kwanza ya yule binti ilipopasuka, Mama alisoma “Nimeshindwa,” akavua miwani na kuifuta, na miwani haikuwa chafu.

Nywele zake nilimsuka mimi, alasiri, saluni ikiwa tupu. Ni nyeupe, laini, zinateleza, zinataka subira. Saa hizo ndizo pekee tulizokaa wawili tu, na hata hapo maneno hayakuwa yetu. Yalikuwa ya watu wa kuchorwa.

Kisha jioni moja, tukiwa mezani, akatangaza kwamba anahama. Atakwenda kukaa kwa binti yake, wifi yangu, mji mwingine. Wifi atakuja na gari kumchukua Jumamosi ya mwisho wa mwezi. “Nimekaa vya kutosha,” akasema. “Nyumba ina wenyewe.” Mume wangu akanitazama kana kwamba nimesema kitu. Sikuwa nimesema kitu, na hilo ndilo lililoniuma. Nilitaka kumwambia abaki. Nyumba bila kile kikohozi chake niliiona kubwa mno. Lakini unamwambiaje “baki” mtu ambaye hajawahi kukwambia “karibu”? Nikakusanya sahani.

Siku chache baadaye nilikuwa namsuka, tumefika sehemu ya tanuri. Bibi Nyundo na Kengele wamekaa mbele ya moto, nje theluji inaanguka, na bibi akaanza kuongea kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu. Mama hakusoma mara moja. Alikohoa. Kisha akasoma:

“Mimi ni mtu wa maneno machache, na machache hayo niliyatumia vibaya. Ulipoingia kwenye nyumba hii niliitazama mikono yako nikaridhika, nikasahau kutazama kilichoko juu ya shingo. Nilikupima haraka. Tangu hapo nimekuona ukiiendesha nyumba. Watu wanaingia na huzuni zao, wanatoka wanacheka. Nimetafuta siku ya kufuta nilichosema, sikuipata. Mtu akishazoea kunyamaza, hata akitaka kusema hajui aanzie wapi.”

Vidole vyangu vilisimama. Nikajisemea, kumbe hata huko kwenye milima yao wapo kina mama wa namna hii. Kisha nikasikia sauti ndogo ya binti, maneno kama matatu hivi.

“Na Kengele kamjibu nini?” nikauliza.

“Sikuwahi,” akasema Mama. “Yamepita haraka.”

“Nirudishe nyuma?”

“Usirudishe. Suka. Mstari huo unalegea.”

Mstari haukuwa unalegea. Mistari yangu naijua. Na hajawahi kukosa kuwahi maandishi, hata pale mazimwi wanapogombana wote kwa pamoja. Nikasema labda ni macho, ni umri. Jioni nikamwambia mume wangu kwamba katuni ya leo imenimaliza, akacheka, akaniuliza ni mnyama gani kafiwa na mama yake safari hii.

Jumatano ya wiki ile ya safari akaja muuguzi, mteja wangu wa siku nyingi, mchangamfu, huja moja kwa moja kutoka zamu na viatu vyake vyeupe. Yeye alikuwa nyuma yetu kwenye mfululizo, na siku hiyo alikuwa amefika kwenye tanuri. Mama alikuwa chumbani kwake anafunga mizigo, kwa hiyo muuguzi ilibidi asome mwenyewe. Kwa mujibu wa sheria sikumwambia kitu. Nilimpa tu kitambaa akishike.

“Cha nini?”

“Utaona.”

Moto ukawaka, theluji ikaanguka, Bibi Nyundo akaanza kuongea kwa ile sauti ya chini. Nikainamisha kichwa kabisa ili nisikilize vizuri. Muuguzi akasoma:

“Udongo uuchekeche vizuri. Maji tia kidogo kidogo. Ukiona unanata mkononi, umezidisha. Shaba iyeyuke kwanza, bati liingie mwisho. Moto usipungue, na usiuache peke yake.” Akakitazama kitambaa. “Dada, sasa hapa nilie wapi? Kwenye bati?”

“Soma vizuri.”

“Ndivyo ilivyoandikwa!”

“Rudia.”

Akarudia. Udongo ulikuwa udongo. Nikaacha nywele zake, rasta ikafumuka yenyewe, nikachukua rimoti, nikarudisha nyuma, nikapanda juu ya stuli hadi pua yangu ikakaribia kugusa televisheni. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno. Niliona udongo. Niliona maji, shaba, bati, moto. Shingo sikuiona. Watu wanaoingia na huzuni hawakuwepo. Na kwa kweli, wanaingiaje watu pale mlimani? Kiwanda kile hakijawahi kupata hata mgeni mmoja tangu sehemu ya kwanza. Wanaoingia na kutoka wanacheka wako hapa, kwenye chumba changu cha mbele.

“Na binti anajibu nini?” nikauliza nikiwa bado juu ya stuli.

“Anasema, nitaleta kuni.”

Nikashuka, nikakaa kwenye kiti cha pili. Muuguzi akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, ndiyo kazi yake. “Vipi, nani kafa?”

“Hajafa mtu,” nikasema, na nikachukua kile kitambaa chake, kwa sababu nilikihitaji mimi. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, jambo baya kwa msusi. Mwanamke ambaye hakuwahi kuongeza neno kwa ajili ya mwizi wala tajiri, ameniongezea mimi hotuba nzima, na ameiweka kinywani mwa bibi anayezungumzia udongo. Nilifurahi jinsi ambavyo sijafurahi tangu siku ya harusi yangu. Halafu nikakumbuka Jumamosi.

Ningeweza kwenda chumbani kwake nikamwambia, “Mama, nimejua.” Lakini namfahamu. Angenyoosha mgongo, angesema macho yake yalikosea, na mzigo ungeendelea kufungwa. Yeye alichagua njia ya kupitia. Nikaona na mimi nipitie hukohuko.

Ijumaa alasiri akaja kusukwa kwa ajili ya safari. Mabegi yake yalikuwa yameshapangwa ukumbini, yamefungwa kamba, na mwavuli juu yake. Akakaa, akavaa miwani ya kuonea mbali. Nikaweka sehemu ya tanuri.

“Hii tumeshaiona,” akasema.

“Nataka kuisikia tena.”

“Ya mwisho kabisa hatujaiona, na mimi kesho naondoka.”

“Itasubiri, Mama.”

Nikaanza kuchambua nywele. Moto ukawaka. Bibi Nyundo akaongea, kwa muda wake uleule mrefu, na Mama hakusoma hata neno. Nilihisi shingo yake imekakamaa chini ya vidole vyangu. Bibi akamaliza. Ikaja sauti ndogo ya binti. Hapo nikaweka kitana chini, katikati ya mstari, nikainua macho kwenye televisheni, na nikasoma mimi, kimahakama, bila “anasema”.

“Usiondoke.”

Mama akashtuka. “Imeandikwa ataleta kuni!”

“Na ya bibi imeandikwa udongo, Mama.”

Kwenye televisheni kuni zilikuwa zinapasuka motoni taratibu. Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele, nasi wote wawili tukaisikiliza mpaka ikapotea.

“Nani kakwambia?” akauliza hatimaye.

“Muuguzi. Na yeye haongezi, hapunguzi.”

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani nimemliza, nikaogopa. Nikamtazama kwenye kioo, na pale penye ufa nikauona mdomo wake. Alikuwa anacheka. Anacheka meno yote nje, machozi yanapita pembeni ya miwani, na sauti haitoki.

“Kazi yangu yote,” akasema alipopata pumzi, “neno moja sikuwahi kuongeza. Watu wamefungwa, watu wameachiwa, sikuongeza. Halafu nakuja kuongeza kwa bibi wa kuchorwa!”

“Ilikuwa tafsiri nzuri kuliko zote ulizowahi kunisomea.”

“Ilikuwa uongo.”

“Ilikuwa uongo, Mama?”

Akanitazama kwenye kioo. Alivua miwani, na safari hii ilikuwa imelowa kweli.

“Hapana,” akasema. “Kichwa unacho. Nilijua siku nyingi.” Akaifuta miwani kwa ncha ya khanga yake, akairudisha machoni, akanyoosha mgongo. “Rudisha nyuma. Nataka kusikia tena huyo binti alivyojibu.”

Nikarudisha. Binti akasema maneno yake matatu.

“Usiondoke, Mama,” nikasoma.

“Mara ya kwanza hilo Mama halikuwepo.”

“Nimeongeza.”

“Basi liandikwe hivyo hivyo,” akasema, akanyoosha mkono. “Nipe simu yangu.”

Akampigia wifi yangu. Hakumsalimia sana. Alimwambia asije kesho, wala kesho kutwa, na atie mafuta gari lake kwa shughuli nyingine. Wifi akauliza kitu kwa sauti ya juu, hata mimi niliisikia, akitaka kujua kulikoni, mbona kila kitu kilishapangwa.

“Kilipangwa,” Mama akasema, “lakini umepatikana ushahidi mpya.”

Akakata simu, akanirudishia, akainamisha kichwa ili nimalizie mstari, na akaniambia, “Haya, mwanangu, weka ile ya mwisho.”